Jicho la Jirani, au Hali ya Kukaa katika Mji Mdogo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuyaona yaliyo dhahiri na yaliyofichika, Msitiri wa aibu za waja Wake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu, katika waraka huu nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tumezaliwa ndani yake, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaolifikiri. Nalo ni kukaa katika mji mdogo, mji ambao kila mtu humjua kila mtu. Wazee wetu husema kuwa mji mdogo ndio uleao watu wema, na mji mkubwa ndio uharibuo. Vijana wengi husema kinyume cha hayo: kuwa mji mdogo ni kifungo, na mtu hapumui ila akivuka maji. Mimi sitaki kuwahukumu hawa wala hawa kabla ya kuuliza maswali mawili. La kwanza: wema wa mtu anayechungwa na macho ya jirani zake, je, ni wema wake yeye au ni wa jirani zake? La pili: macho hayo tuyatumiayo sisi kwa wenzetu, je, ni ibada au ni maasia?

Nitatoa mfano kwa mji niujuao, nao ni Lamu. Msomaji aliye Pate, au Pangani, au Kilwa, na apime kwa mji wake. Nadhani hataona tofauti kubwa.

Njia za mji wetu ni nyembamba, hata ukikutana na punda aliyebeba mzigo wa mawe huna budi kujibanza ukutani mpaka apite. Magari hayapiti ndani ya mji. Basi kila atokaye nyumbani mwake hutoka kwa miguu yake, mbele ya macho ya walioketi barazani. Ukipita na kapu la samaki, yajulikana utakula nini leo. Ukipita bila ya kapu, yajulikana pia. Ukikosa sala ya alfajiri siku mbili, siku ya tatu huulizwa kama u mgonjwa. Mtoto akitupa jiwe Mkomani, babake aliye Langoni amekwisha kupata khabari kabla ya mtoto hajarejea nyumbani. Hayo ndiyo maisha yetu, na ndani yake mna kheri nyingi ambazo hatuna haki kuzikanusha.

Katika kheri hizo, kubwa kabisa ni kuwa mtu hafi peke yake wala hazikwi peke yake. Akifa mtu usiku, asubuhi sanda imekwisha kukatwa na kaburi limekwisha kuchimbwa, na aliyefiwa hajui hata ni nani aliyetoa neno. Mjane ambaye mlango wake haukufunguliwa asubuhi, jirani atabisha. Mgonjwa huletewa uji na nyumba tatu, kila moja isijue kuwa nyengine imeleta. Kijana anayetaka kufanya ovu hana pahala pa kulifanyia, kwani kila baraza ina mzee aliyesoma na babu yake. Sote twajua kuwa Jibrili alizidi kumwusia Mtume wetu juu ya jirani, hata Mtume akadhani kuwa jirani atafanywa ni mrithi. Basi katika mji mdogo wasia huo hufuatwa na watu wengi bila hata ya kujua kuwa wanaufuata. Ni desturi yao, wameikuta.

Walakini hapa ndipo pana swali letu la kwanza. Jambo alifanyalo mtu kwa kuwa ni desturi, na aliachalo kwa kuwa akitazamwa ataaibika, lina thamani gani mbele ya Mwenyezi Mungu?

Tumemwona kijana aliyekuwa akishika safu ya mbele msikitini tangu utoto wake. Kasafiri kwenda Mombasa, au kavuka bahari kwenda Ughaibuni, na mwaka haukumalizika ila khabari zake zimekuja na yeye hakuja nazo. Wazee hutikisa vichwa wakasema: mji mkubwa umemharibu. Mimi nasema: huenda mji mkubwa haukumharibu, umemdhihirisha tu. Alipokuwa kwetu alikuwa amesimama kama mgomba ulioegemezwa mti, na sisi tukidhani umesimama kwa mizizi yake. Upepo ulipokuja na mti haupo, ukaanguka. Je, lawama ni ya upepo, au ni yetu sisi tuliouegemeza mti tukasahau kuangalia mizizi?

Tazama kisa cha Nabii Yusuf, amani imshukie. Alikuwa kijana, ugenini, katika nchi ambayo hapana aliyemjua babake wala babu yake. Alikuwa mtumwa aliyenunuliwa, ambaye hana heshima ya ukoo ya kuichelea. Mwenye kumtaka ni bibi wa nyumba, na milango imekwisha kufungwa. Hapana baraza nje ya mlango ule, wala mzee wa mtaa, wala jamaa wa kumtia haya. Pale pale ndipo alipokataa, kwa kuwa Mola wake hakufungiwa nje. Huo ndio wema ambao hapana awezaye kusema kuwa ni wa jirani. Na Mtume wetu alipoulizwa na Jibrili maana ya ihsani, alimjibu kwa jambo la kuona na kuonwa: kuwa umwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba wamwona, kwani ikiwa wewe humwoni, Yeye akuona. Hakutaja macho ya watu.

Basi je, macho ya jirani hayana faida? La, sisemi hivyo. Mtoto huanza kutembea kwa kushikwa mkono, na hapana aonaye aibu kwa hayo. Haya mbele ya watu ni mlango wa kuingilia haya mbele ya Mungu. Khatari ni kusimama mlangoni umri mzima ukadhani umekwisha kuingia. Mwenye kumlea mwanawe kwa neno moja tu, "Watu watasema nini?", amemfundisha kuogopa watu, na siku atakapofika pahala pasipo na watu, hatakuwa na la kuogopa. Yatupasa tuwaambie wana wetu neno jengine pamoja na hilo, tuwaambie mapema, kabla mashua haijawachukua.

Nimesema ya kwanza. Sasa nije katika swali la pili, nalo ni zito zaidi kwangu, kwani katika hilo mimi mwenyewe ni mwenye kosa. Nitalieleza kwa ufupi bila ya kumtaja mtu.

Palikuwa na mtu katika mji wetu ambaye alipokuwa na umri wa miaka 17 alichukua fedha katika duka alilowekwa. Alijulikana, akazirudisha, akatubu. Ikapita miaka 19. Katika miaka hiyo alikuwa fundi mwaminifu, na mimi nalikuwa nikisimama karibu naye katika safu ya alfajiri, bega kwa bega, siku nyingi zisizo na hesabu. Kisha akaposa. Babake binti akaja barazani kwetu baada ya Magharibi, tukiwa watu watano, akatuuliza: "Jamaa, mtu huyu mwamwonaje?" Wengine wakanyamaza, wakanitazama mimi. Nikasema: "Ni mtu mzuri, lakini mzee wangu, ile khabari ya duka waijua." Sikuongeza neno. Mzee akainamisha kichwa. Ijumaa haikufika ila posa imekwisha kuvunjika, na mwezi haukumalizika ila yule mtu amekwisha kuuhama mji.

Ndugu msomaji, mimi sikusema uwongo. Hilo ndilo lililonidanganya muda mrefu. Nalikuwa nikijiambia kuwa nimesema kweli, tena nimeulizwa, na wanavyuoni wameruhusu kumtaja mtu kwa aibu yake ikiwa umeulizwa shauri la ndoa. Na hayo ni kweli: Fatuma binti Kays alipoposwa na watu wawili akaja kwa Mtume kutaka shauri, Mtume alimweleza hali ya kila mmoja wao. Walakini nilipoipima kauli yangu kwa mizani hiyo niliyojitetea kwayo, nikaiona imepungua kwa mambo matatu.

La kwanza, aliyeuliza alikuwa mtu mmoja, na mimi nilijibu mbele ya watu watano. Wale wanne hawakuwa na binti aliyeposwa. Kwao kauli yangu ilikuwa kusengenya, na kusengenya ni kweli inayochukiza. Kama si kweli huitwa kuzua, na hilo ni ovu jengine.

La pili, nilisema nusu. Nilijua ya mwaka mmoja nikayataja, na nilijua ya miaka 19 nikayanyamazia. Shahidi asemaye nusu ya anayoyajua, kadhi hamwiti mkweli.

La tatu, na hili ndilo linaloniuma, sikusema kwa ajili ya binti. Nilisema kwa kuwa watu walinitazama, nami nikapenda kuonekana mjuzi wa khabari za mji. Kumbe nami nalikuwa natenda kwa macho ya watu, kama yule kijana wa safu ya mbele.

Ngome iliyo katikati ya mji wetu ilikuwa gereza hata mwaka 1984. Leo ni makumbusho. Waliofungwa humo kila mmoja alihukumiwa muda wake, na muda ulipokwisha alifunguliwa mlango. Gereza la ndimi zetu halina muda. Mtu hukosa siku moja, akaitwa kwa kosa lake mpaka afe, na mara nyengine wanawe hurithi jina hilo kabla ya kurithi nyumba. Mwenyezi Mungu hukubali toba ya mja Wake akafuta, na sisi twaandika upya alichokifuta. Je, si jambo la kuogopesha mtu kuhifadhi daftari ambalo Mwenyewe amekwisha kulichana?

Na siku hizi baraza imeingia ndani ya simu. Neno lililokuwa likisikiwa na watu watano lasomwa na mia, na hata waliohamia Dubai na London wamo. Tena neno la barazani lilikuwa likipita na upepo. Neno la simu hukaa, na aliye mtoto leo atalikuta akiwa mzee.

Atasema msemaji: Je, wataka tufumbe macho? Tukiona ovu tulinyamaze, mji ukaharibike? Namjibu: La. Kukatazana maovu ni wajibu, na mji ambao hapana amwambiaye mwenziwe neno si mji, ni soko. Walakini kuna tofauti baina ya ovu lililotoka nje likamdhuru mtu, na ovu lililofichwa ambalo wewe umelifuata mpaka ukaliona. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat ametukataza kupelelezana, na papo hapo akatukataza kusengenyana, kwani la kwanza ni kuvua na la pili ni kuuza.

Imam Ghazali ametaja katika Ihya kisa cha Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alipokuwa akizunguka Madina usiku. Alisikia sauti katika nyumba ya mtu, akapanda ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasia, akamkemea. Yule mtu akamjibu kuwa ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Khalifa amemwasi kwa matatu: amepeleleza, na Mungu amekataza, ameingia kwa ukutani, na Mungu ameamrisha nyumba ziingiwe kwa milangoni, na ameingia bila ya kubisha wala kutoa salamu. Umar hakumpiga kwa neno hilo. Alimwuliza kama atajirekebisha akimsamehe, akasema ndiyo, akamwacha akatoka. Ikiwa Umar, aliye mtawala wa Waislamu na mwenye dhamana ya mji, alinyamazishwa na hoja hiyo, sisi tulioketi barazani baada ya Ishaa tuna hoja gani?

Tena wazee wetu walilijua jambo hili, wakalijenga kwa mawe. Tazama nyumba za kale za Lamu. Nje pana daka, lenye baraza kulia na kushoto. Hapo mwenye nyumba huketi na wageni, huona watu na watu wakamwona. Kisha pana mlango. Kisha pana tekani, nayo haikujengwa kwa kunyoka na ndani, bali imepindwa, hata aliyesimama mlangoni, na mlango u wazi, haoni kiwanda wala waliomo. Mwaka 2001 mji wetu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni huja kutoka mbali kuzipiga picha nakshi za milango yetu. Nakshi ni nzuri, lakini mimi naona elimu kubwa zaidi i katika ule upindo wa tekani. Waliojenga hawakusema kuwa watu wasionane, wasingejenga baraza. Wala hawakusema kuwa watu waonane kwa kila jambo, wasingepinda ukuta. Waliweka pahala pa jicho na mpaka wa jicho katika nyumba moja, hatua tatu baina yao. Sisi tumezirithi baraza tukazikalia, na tekani tumeiacha iwe ya ukuta tu, haimo katika ndimi zetu.

Sasa nirejee kwa yule mtu. Mwaka wa pili yake nilisafiri Mombasa, nikamtafuta mpaka nikampata. Alinipokea kwa heshima, akaniketisha, akanitilia kahawa. Nikamweleza nililolijia, nikamtaka radhi. Akaniambia: "Ndugu yangu, nalikusamehe kabla hujavuka Mokowe. Wala hukusema uwongo. Huku nakaa katika nyumba ya vyumba 12, na hapana ajuaye nilifanya nini nilipokuwa na miaka 17. Nalala usingizi." Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Walakini mwezi uliopita nalishikwa na homa siku nne, na hapana aliyebisha mlango wangu."

Nilirudi na maneno hayo mawili, na mpaka leo nayabeba pamoja. La kwanza ni hoja ya vijana juu yetu, na la pili ni hoja ya wazee juu yao. Yule mtu hakutaka kuwa pahala pasipo na jicho. Alitaka jicho litakalomwona akiwa mgonjwa, lisimwone akiwa na miaka 17. Nalo si jambo la muhali kulitaka kwa Waislamu.

Imepokewa kutoka kwa Mtume wetu khabari ya mtu wa kale aliyeua nafsi 99, kisha ikawa 100, akataka kutubu. Mwanachuoni akamwambia autoke mji wake aende mji mwengine wenye watu wamwabuduo Mungu, kwani mji wake ulikuwa mji mwovu. Nilikuwa nikiisoma khabari hiyo tangu utoto nikijihesabu kuwa mimi ni wa mji wa pili, ule mwema. Mji wetu una misikiti mingi, na maulidi yetu yajulikana pwani nzima. Lakini ikiwa mtu wetu aliyetubu hana budi kuhama ili toba yake isimame, basi sisi ni mji upi katika miji ile miwili? Kila mmoja na ajijibu.

Ninayousia nafsi yangu kwanza, kisha ndugu zangu, ni haya. Ukimwona jirani yako ana haja, jicho lako ni amana, usingoje akuombe. Ukimwona ana aibu iliyofichika, jicho lako ni amana vilevile; mwenye kumsitiri Mwislamu, Mungu humsitiri. Ukiona jambo la kumkanya, mkanye yeye, faraghani, usiwakanye wengine kwa jina lake. Ukiulizwa shauri juu ya mtu, mjibu aliyeuliza peke yake, umwambie kosa na toba kwa pamoja, tena kwa kadiri ya haja. Na mwenzako akirudi baada ya kupotea, mpishe katika safu, usimwulize alikuwa wapi. Wazee wamesema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi na tuangalie ngama isiwe imejaa miiba.

Na wewe kijana unayefunga mzigo wako, nakutakia safari njema. Huko uendako hutaonwa na mtu, na huenda ukafurahi kwa hilo miezi miwili. Kumbuka kuwa Yusuf naye hakuonwa na mtu. Na utakapoona jirani usiyemjua amekaa siku nne hakutoka, mbishie mlango. Hilo ulifundishwa kwetu, lichukue.

Mwenyezi Mungu atusitirie aibu zetu, ayafanye macho yetu yawe ya rehema, na atukubalie toba sisi na wale tuliowafungia mlango wa toba. Amin.

Wabillahi taufiki.